Kalibu ya Mguu wa Kitanda

"Miaka ishirini na tatu nimepiga misumari humu ndani kama mtu mwenye ugomvi na mbao," alisema kwenye kipaza sauti cha kukodi, mbele ya wafanyakazi wote wa kiwanda, meza tatu za soda na sahani za biskuti zilizoanza kupungua kabla hata hotuba hazijaanza. "Leo nawaambia hadharani. Kabla mwaka haujakatika nitatengeneza kitu chenye vipande mia mbili na zaidi, kisicho na msumari hata mmoja, wala tone la gundi. Na meneja mwenyewe nitamuuzia!"

Watu wakashangilia. Meneja naye alipiga makofi, kwa furaha ya mtu anayeona hotuba ya mwisho inakaribia ukingoni.

Msemaji huyo wenzake walimwita Misumari, na hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini. Kazi yake ilikuwa kutengeneza makreti ya kusafirishia vipuri: mbao tisa, misumari thelathini na sita, dakika nne. Kreti ni kitu kisicho na aibu. Likipinda linapakiwa hivyo hivyo, na likichomoza msumari, shauri yake atakayelifungua. Misumari alikuwa akimaliza mia moja kwa siku na anabakiwa na muda wa kubishana mpira. Kisha yakaja makreti ya plastiki, yale yanayopangana kama vikombe, na watu kumi na mmoja wa karakana ya mbao wakapewa barua za kuachishwa kazi, soda na nafasi ya kusema maneno mawili matatu. Yeye akasema hayo.

Kitu chenyewe alichojitapia alikuwa amekiona mara moja tu, kwa daktari wa meno. Alimpeleka mkewe, shavu limemvimba kama amemeza limau zima, na wakati mkewe yuko ndani yeye akawa anafunuafunua majarida ya zamani pale mapokezi. Akakuta picha ya paneli ya Kijapani. Fito nyembamba za mbao zilipishana zikafanya miraba, na ndani ya kila mraba vijipande vimesimama kichwa kwa kichwa, vimechanua kama jani, mwanga unapita katikati yake. Maelezo chini ya picha yalisema vipande vile vinashikana kwa kubanana tu. Misumari akasoma sentensi hiyo mara nne. Kubanana tu! Na yeye alikuwa anatia misumari thelathini na sita kwenye kasha la skrubu! Akauchana ule ukurasa huku anakohoa ili kuficha sauti. Mhudumu wa mapokezi, mtu mwenye huruma, akamletea maji.

Nyumba yao ilikuwa na vyumba viwili, ukumbi mwembamba, na sebule yenye dirisha kubwa na mlango wa kutokea barabarani. Mkewe alikuwa fundi cherehani wa sare za shule. Mtaani walimwita Mama Pacha kwa sababu ya mabinti zao wawili, ambao sasa walikuwa watu wazima, mmoja muuguzi na mwingine dereva wa lori, kila mmoja na kwake. Miaka yote hiyo Mama Pacha alikuwa akishonea ukumbini, kwenye njia ya jikoni, hivyo kila aliyeshikwa na kiu ilibidi amruke miguu. Mabinti walipoondoka, akaanza kuitazama ile sebule kwa jicho la mwenye mali. Mteja angeingia moja kwa moja kutoka barabarani. Yeye mwenyewe angetofautisha uzi mweusi na uzi wa bluu bila kwenda kusimama uani penye mwanga.

Ndipo mumewe akaingia na meza ya kazi aliyopewa na kiwanda kama zawadi ya kuagwa. Ilikuwa na urefu wa mita mbili na nusu, na ilipita mlangoni baada ya mlango kung'olewa.

"Baba Pacha," mkewe alisema, "hiyo ni meza au daraja?"

"Ni ya muda tu, Mama Pacha."

"Muda gani? Maana hata sisi tulisema tutakaa nyumba hii kwa muda."

Wakakaa chini wakaelewana. Shule zilikuwa zifunguliwe baada ya miezi mitano, na huo ndio msimu wa sare. Jumapili ya mwisho kabla ya shule kufunguliwa, kitu cha Misumari kiwe kimekwisha na kimepata mnunuzi. Ikishindikana, meza inatoka, cherehani inaingia, na yeye anakwenda kushika nafasi aliyowekewa na binamu yake: mlinzi wa lango kwenye ghala la saruji. Kiti kimoja, daftari moja la kuandika magari, redio hairuhusiwi.

"Nitakaa pale mpaka lini?"

"Mpaka uchoke kukaa," mkewe alisema. "Mimi nimekaa ukumbini miaka kumi na tisa, sijachoka?"

Misumari akachungulia uani, labda meza ingekaa huko. Uani kwenyewe walikuwa wanachangia na wapangaji wanne, kamba zao za nguo na mitungi yao ya maji. Meza ikitoka sebuleni, basi ufundi umekwisha.

Akaanza na fito. Mbao alizipata bure, za makreti mabovu, mbao nyeupe laini ambazo alizijua kama anavyoijua mifuko yake. Akazichana, akazipiga randa mpaka zikawa na upana wa kidole na wembamba wa sarafu mbili zilizobebana. Kiunzi cha miraba hakikumsumbua sana: ufito mmoja unakatwa pengo la nusu ya upana wake, wa pili vivyo hivyo, zinapishana na kukaa sawa. Mitano kwa upana, saba kwa urefu, miraba thelathini na tano.

Balaa lilikuwa ndani ya miraba. Kila mmoja ulitaka vipande saba: kimoja cha mshazari kutoka kona hadi kona, vinne vya kuegemea huku na huku, na viwili vya kufungia. Kila kipande kichongwe ncha zote mbili kama kalamu ya risasi iliyobapa. Na pembe za kuchonga hazikuwa moja. Kulikuwa na ya digrii arobaini na tano, kulikuwa na nusu yake, yaani ishirini na mbili na nusu, na kulikuwa na ya zote mbili zikijumlishwa. Akajaribu kwa msumeno na jicho. Akakata vipande kumi na vinne, na katika hivyo, viwili tu ndivyo vilivyosalimiana.

Jumamosi akaja shemeji yake, mdogo wake Mama Pacha, fundi wa fremu za picha mwenye duka mtaa wa pili. Huyu bwana alikuwa na ulimi ambao ungeweza kupigia randa.

"Shemeji, naona umefungua kiwanda cha njiti za meno."

"Karibu, shemeji. Wewe una meno mangapi nikutengee?"

"Mimi nitakusubiri ufike kwenye njiti za kiberiti, ndizo zinazotoka." Akainua kipande kimoja akakipitisha machoni. "Hii pembe gani?"

"Arobaini na tano."

"Hii ni arobaini na kitu. Kitu chenyewe ndicho sikijui."

Maneno yale yalimkaa Misumari. Alipobaki peke yake akakumbuka jambo ambalo alikuwa amelifanya miaka ishirini na tatu bila kulihesabu kuwa ufundi. Pale kiwandani yeye ndiye aliyekuwa akipigilia vipande vya mbao juu ya meza za wenzake ili kila anayetengeneza kreti aegeshe mbao palepale, hata kama jana yake hakulala. Waliviita kalibu. Kwenye kalibu hakuna haja ya kufikiri, imeshafikiria kwa niaba yako. Basi na huku alihitaji kalibu: gogo dogo gumu lenye mfuo juu yake wa kulaza ufito, na ncha ya gogo iwe imekatwa mshazari wa pembe inayotakiwa. Ufito unachomoza kidogo, patasi inalala bapa juu ya ule mshazari, inateremka, na kinachochomoza kinaondoka. Kila kipande kinatoka ndugu wa mwenzake.

Gogo gumu alilipata chini ya dari ya jiko. Ilikuwa miguu ya kitanda cha marehemu mama mkwe wake, mti mweusi mzito, mgumu na usiokubali kushauriwa, kama mwenye kitanda alivyokuwa. Mama Pacha akasikia msumeno.

"Hiyo si miguu ya kitanda cha mama?"

"Ndiyo hiyo."

"Kwa hiyo mama yangu unamkata miguu saa hizi? Alipokuwa hai hukuthubutu."

"Saa hizi ndiyo nafasi imepatikana," Misumari alisema, na wote wawili wakacheka mpaka Mama Pacha akalazimika kuondoa pini mdomoni.

Pembe zenyewe hakuzipima kwa kipima pembe cha mkebe wa hesabu wa shule. Alikuwa nacho, cha plastiki, alikinunua sokoni, lakini kilikuwa kimekaa juani na mstari wake wa chini ulikuwa umepinda, unatabasamu. Akaomba karatasi ya kaki ya patani za mkewe. Akachukua kona yake iliyonyooka, akaihakikisha kwa skwea ya chuma, akaikunja ukingo kwa ukingo: arobaini na tano. Akaikunja tena: ishirini na mbili na nusu. Karatasi haina sababu ya kumdanganya mtu. Akahamishia mikunjo ile kwenye mti kwa ncha ya kisu.

Mguu wa kwanza uliharibika, msumeno ulitangatanga. Wa pili ulipasuka alipoubana. Kitanda kina miguu minne, Mungu hana roho mbaya. Wa tatu na wa nne ikatoa vigogo viwili vya urefu wa shubiri, akaviunganisha ubavu kwa ubavu kwa bolti mbili, vikawa na ncha nne: tatu za zile pembe tatu, na ya nne iliyonyooka kwa ajili ya kusawazisha urefu. Kila mfuo akauwekea kizuizi kinachosogea na kukazwa kwa skrubu, ili vipande vya aina moja vilingane. Kazi hiyo ilichukua wiki tatu. Kalibu ilipokamilika ilikaa mkononi kama mnyama mdogo aliyelala.

Mraba wa kwanza aliujaza asubuhi moja, jua likiwa dirishani. Kile kipande cha saba, cha kufungia, kiligoma kidogo, akakigonga kwa kidole gumba, kikaingia kwa mlio mdogo mkavu. Misumari akakinyanyua kiunzi, akakigeuza juu chini, akakitikisa. Hakuna kilichoanguka.

"Mama Pacha! Njoo uone!"

Mkewe akaja na tepu shingoni. Akainama, akagusa kwa ncha ya kidole pale katikati, vichwa vilipokutana.

"Kizuri," alisema. Halafu akahesabu kwa macho. "Bado thelathini na nne."

Ikawa ndiyo maisha yake. Asubuhi anakata urefu, mchana anachonga ncha, jioni anajaza. Kipande kimoja ni mikato minne, vipande mia mbili arobaini na tano ni mikato karibu elfu moja, na kila mkato ulimkuta amejikunja juu ya meza amebinua mdomo wa chini. Miraba kumi ya mwanzo ilifunga vizuri. Wa kumi na moja na kuendelea ilitaka kubembelezwa. Alipofika wa ishirini, vichwa havikukutana tena. Palibaki upenyo, kwanza wa unywele, kisha wa ukucha, na ulipofika mraba wa ishirini na tano ungeweza kupitisha msumari.

Misumari akalaumu mvua, iliyokuwa imenyesha siku nne mfululizo. Mvua ikakatika, upenyo ukabaki. Akalaumu mbao. Akalaumu mvuke wa pasi ya mkewe, uliokuwa unatoka ukumbini na kuingia sebuleni kuharibu kazi za watu.

"Hebu sema tena," Mama Pacha alisema kutoka ukumbini. "Pasi yangu imefanya nini?"

"Nimesema kuna joto leo."

Shemeji alipokuja Jumamosi hakucheka sana, jambo ambalo lilikuwa baya kuliko kucheka. Akakalia ndoo, akatazama ule upenyo, akampa ushauri wa kitaalamu.

"Chukua vumbi la mbao, changanya na gundi, ziba, piga msasa. Fremu zangu zote kona ni hivyo. Mteja analipa, anatundika bibi harusi wake ukutani, maisha yanaendelea."

"Nilisema bila gundi."

"Uliwaambia watu waliokuwa wanakula biskuti, shemeji. Hawakumbuki."

"Mimi nakumbuka."

Wiki tatu zilibaki. Kule kwenye ghala la saruji binamu alikuwa ameshapiga simu mara mbili kuuliza saizi yake ya koti la ulinzi. Misumari akaacha kufanya kazi siku nzima, akawa amekaa tu mbele ya meza, chupa ya gundi iko dirishani anaitazama na yenyewe inamtazama. Mama Pacha alipita kwenda kumpelekea mteja sketi, akarudi, akamkuta vilevile. Akaiweka pochi yake juu ya maranda.

"Nipe kipande cha kwanza kabisa ulichokata."

"Kiko ndani ya mraba."

"Kitoe. Si umesema hakuna gundi?"

Akakisukuma kwa kidole, kikatoka. Mkewe akachukua na kipande cha jana, cha aina ileile. Akavilaza mgongo kwa mgongo, kama anavyolaza mikono miwili ya shati kuona kama inalingana, akavinyanyua dirishani. Kule chini vililingana. Kuelekea nchani mwanga ukapita katikati yao, mwembamba kama uzi.

"Kalibu yako imeliwa," alisema.

"Imeliwa na nini? Mti ule ni jiwe!"

"Na patasi. Ulidhani inakula ufito peke yake?"

Misumari akaichukua kalibu. Toka siku aliyoihakikisha kwa karatasi hakuihakikisha tena, maana aliitengeneza mwenyewe na alijua ni sahihi. Akaukunja upya ukurasa wa kaki, akaulaza kwenye ule mshazari. Chini uligusa. Juu, pale patasi inapoingilia, mti ulikuwa umeinama, umekuwa wa mviringo kama bega. Kila mkato aliokandamiza kwa nguvu za mtu wa makreti ulikuwa umeondoka na vumbi la mguu wa kitanda. Akahesabu kichwani. Mikato mia saba.

"Wewe umejuaje?" akauliza, polepole.

Mkewe akaenda ukumbini, akarudi na kipande cha bati la debe la mafuta kilichokatwa umbo la kola, kingo zake zimesuguliwa hadi zikawa laini. "Hii nilianza nayo ikiwa karatasi. Makasi yanapita pembeni yake, kila yakipita yanaondoka nayo kidogo, nikawa nachora upya kutoka ile iliyoliwa, nikaongeza kidogo kwa kukisia. Shule moja nzima. Watoto wa mwanzo walikuwa na kola za shati. Wa mwisho walikuwa na masikio ya tembo. Mwalimu mkuu aliniita, nikasema ni mtindo mpya." Akalitia lile bati mkononi mwake. "Ndipo nikakata ya bati."

Misumari akacheka kidogo, shingo upande, kisha akacheka kwa kweli.

Bati lilikuwa jembamba mno kwa patasi. Alichohitaji ni kitu kizito zaidi, na kilikuwa mlangoni kwake mwenyewe: bamba la shaba ya njano lililozunguka kitasa cha mlango wa chumba chao cha kulala, limetiwa na mwenye nyumba wa kale ambaye alipenda makuu. Akalifungua skrubu nne. Mama Pacha alimwona, akasema tu, "Kitasa kikianguka usiku utalala na meza yako," akaendelea kushona.

Akalikata vipande vinne. Akatandaza msasa juu ya kioo cha dirisha lililovunjika, kwa kuwa hakuna kitu kilichonyooka kuliko kioo, akausugua mti mpaka pembe zikarudi, akasugua shaba mpaka ikalala, akaifunga kwa vijiskrubu ambavyo vichwa vyake vilizama ndani. Kisha akajifunza upya kushika patasi. Si kwa bega, ila kwa vidole viwili vikiilaza bapa juu ya shaba, iteleze tu, kama mtu anayefuta meza. Mkono wa makreti ulichukua siku tatu kuelewa kwamba haugombani na mtu.

Miraba kumi na mitano akaing'oa yote. Vipande mia moja na tano. Akachonga na mingine kumi iliyokuwa haijaguswa. Kwa siku kumi na sita alikula amesimama. Kila asubuhi, kabla ya mkato wa kwanza, aliilaza ile karatasi ya kaki kwenye kila ncha ya kalibu, na hakuona aibu kufanya hivyo mbele ya mtu.

Ijumaa mchana, siku mbili kabla ya ile Jumapili, kipande cha mia mbili arobaini na tano kikalia mlio wake mdogo mkavu. Misumari akaisimamisha paneli dirishani. Sebule nzima ikajaa majani ya mwanga, ukutani, sakafuni, juu ya rundo la sare. Mama Pacha akasimama mlangoni, mikono imejaa vitambaa, na jani moja likamkaa begani.

"Mpelekee meneja wako," akasema.

Jumamosi akaifunga kwa shuka, akaenda kiwandani. Langoni kulikuwa na mlinzi mpya, kwenye kiti, na daftari. Akamwandika: jina, saa, alichobeba. "Alichobeba" ilimchukua mlinzi muda mrefu, mwisho akaandika "dirisha". Meneja alitoka, akafungua shuka, akaishika paneli kwa mikono miwili. Akaitazama kwa dakika mbili nzima.

"Misumari, umetisha," alisema, na ilionekana anasema kweli. "Hakuna msumari?"

"Hakuna."

"Hata gundi?"

"Hata."

Akaipiga picha mbili kwa simu, moja ya karibu na moja ya mbali, akasema lazima amwonyeshe mkewe, akampa mkono, akarudi ndani. Mlinzi akaandika saa ya kutoka.

Misumari alirudi kwa miguu. Paneli haikuwa nzito.

Jumapili shemeji alifika saa nne asubuhi kuja kushika upande wa pili wa meza, maana dadake alimwita. Alikuwa amejiandaa na utani wa siku nzima, lakini alipoiona paneli dirishani akaenda moja kwa moja kwenye kona zake. Akapitisha ukucha kwenye maungio. Akapitisha tena.

"Ukucha hauingii," alisema, kama mtu aliyedhulumiwa.

"Hauingii."

"Meneja kasemaje?"

"Kapiga picha."

"Basi?"

"Mbili."

Shemeji akatikisa kichwa. Mama Pacha alikuwa ameshaanza kupima dirisha kwa tepu yake, taratibu, hamtazami mumewe. Misumari akaanza kukusanya vifaa. Patasi, randa, msumeno mdogo. Alipoinua kalibu ili aifunge kwenye tambara, shemeji akamshika mkono.

"Hebu hiyo."

Akaigeuza. Akaona shaba, akaona mfuo, akaona kizuizi. Akachukua ufito kutoka sakafuni, akaulaza, akateremsha patasi. Akakata wa pili, akaziunganisha zote mbili kona kwa kona, akazinyanyua dirishani. Hakupita hata chembe ya mwanga. Akakata tena mbili, kana kwamba mara ya kwanza alibahatisha.

"Shemeji," alisema, na safari hii sauti yake haikuwa na utani hata wa dawa, "miaka kumi na nne naziba kona kwa gundi na vumbi. Nitengenezee ya upana wa mbao zangu. Yenye shaba hii hii."

"Na paneli je?"

"Paneli ni nzuri, sikutanii, sijaona mkono kama huu. Lakini mimi paneli nitaiweka wapi? Hii naitumia kesho asubuhi. Na wale wawili wa fremu kule sokoni wakiiona kwangu hawatalala."

Misumari akakaa kwenye ndoo. Ilimchoma kidogo, ni lazima ikubalike. Kitu alichokisimamia mbele ya kiwanda kizima kimetazamwa, kimesifiwa, kimepigwa picha. Kilichoombwa ni chombo tu, mguu wa kitanda wenye bamba la kitasa. Akaitazama mikono ya shemeji yake ilivyoishika, kwa uangalifu, kama inaweza kuamka.

"Ah, shemeji, kwa wewe chukua tu, nitatengeneza nyingine," akasema.

"Chukua tu ndiyo nini?" Mama Pacha aligeuka, tepu mkononi. "Huyu picha ya bibi harusi akikuwekea fremu anakwambia chukua tu?"

"Dada, mimi sikusema nataka bure!"

"Wewe nyamaza, nazungumza na fundi." Akamkabili mumewe. "Tulisema kitu chako kiishe na kipate mnunuzi. Kimekwisha, na mnunuzi huyu hapa kasimama kwenye maranda. Mimi sina ugomvi na alichochagua. Ila sebule nzima sikupi. Kutengeneza kalibu kunataka meza kubwa kiasi gani?"

Misumari akafikiri. "Kama cherehani yako."

"Basi hii daraja ikatwe."

Wakaikata wao wawili, shemeji kwa shemeji, msumeno ukienda na kurudi, kila mmoja akimlaumu mwenzake kwamba anapinda. Nusu moja ikabaki ukutani upande wa ndani, nusu nyingine ikawa meza ya kukatia vitambaa. Cherehani ikakaa dirishani. Jioni ile Misumari akampigia binamu yake simu kuhusu lile koti, akamwambia alitafutie mtu mwingine wa saizi yake.

Shule zilifunguliwa. Paneli imeegemezwa ukutani nyuma ya cherehani, wazazi wanaokuja kupimisha watoto huigusa, huuliza bei, husema lo, huondoka. Shemeji ameacha kununua gundi ya jumla. Mama Pacha ndiye anayejibu wateja wa pande zote mbili, kwa kuwa mumewe akiachiwa atagawa. Kalibu moja ya ncha nne, yenye shaba, ni elfu arobaini na tano.